Idi Kumi na Nane, Masika Kumi na Saba

Karatasi ya Idarus ilirudi siku ya Jumatatu, imepigwa mstari wa wino mwekundu juu ya jina lake. Mjukuu wangu aliiweka mkekani mbele yangu, akavua kofia, akakaa kuutazama ukuta.

"Imekuwaje?" nikamwuliza.

"Wanasema mimi mzee."

Nikacheka, Mungu anisamehe. Kijana ambaye ndevu zake ningeweza kuzihesabu bila kuvaa miwani, leo mzee! Lakini yeye hakucheka, nikaiondoa sufuria motoni.

Yalikuwa maombi ya skuli. Mwaka ule serikali ilikuwa ikipima ardhi ya kisiwa chote, tangu Mbaraki hadi kwetu mjini, na kila kukicha tuliwaona wapimaji wamesimama njiani na minyororo yao ya chuma na vigingi vyao, mmoja amefumba jicho anachungulia kwenye darubini ya miguu mitatu. Wote wageni. Idarus alikuwa akiwafuata tangu asubuhi mpaka jua linatua, akirudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Siku moja aliniambia, "Bibi, yule anayepima ndiye anayesema mpaka uko wapi. Sisi kazi yetu kukubali." Neno lile lilinikaa.

Basi likaja tangazo. Skuli kubwa ya upimaji huko Bara Hindi ingepokea vijana wawili wa Mombasa, wasome miaka mitatu, chakula na malazi juu ya skuli. Mwaka huo tu. Hapakutajwa mwaka mwingine. Masharti yalikuwa matatu. Ajue Kiingereza na hesabu, na Idarus alikuwa amesoma miaka minne kwa Mgoa mmoja wa Makadara. Alete barua ya mwalimu aliyemlea, na huyo alikuwa Maalim Sheikhan wa chuoni, aliyemfundisha Kurani tangu hajui kufunga shuka. La tatu, awe ametimiza miaka kumi na saba, na asiwe ametimiza kumi na minane.

Maalim Sheikhan aliandika barua nzuri. Tabia ya kijana, swala zake, akili yake. Na mwisho, kwa mkono wake ulionyooka kama uzi, akaandika: umri wake ni miaka kumi na minane na miezi miwili.

"Ndivyo ilivyo?" Idarus akaniuliza siku ile ya Jumatatu. "Bibi, mimi nina miaka mingapi hasa?"

Swali gani hilo? Mimi ndiye niliyempokea, kwa mikono hii, pamoja na mkunga. Alizaliwa siku ya tatu baada ya Idi ya kuchinja. Nikahesabu Idi zote za kuchinja alizokula tangu hapo, na zikawa kumi na nane barabara. Maalim hakukosea.

Lakini moyo wangu haukutulia. Niliendelea kukuna nazi, na huku nakuna nikakumbuka matope. Alipozaliwa Idarus masika yalikuwa ndiyo kwanza yameisha, uchochoro wetu una matope mpaka kwenye vifundo, na yule mkunga aliacha kiatu chake kimoja humo asikione tena. Idi ile tuliila katika ubaridi wa kusi. Na Idi hii iliyopita je? Tumeila mwanzo wa kaskazi, mbuzi wanatweta kwa joto. Idi imetembea. Mwezi ndio unaoivuta, kila mwaka inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja. Masika hayatembei. Masika huja zamu yake, mtu akipenda asipende.

"Idarus," nikasema, "Wazungu huhesabu kwa mwezi au kwa jua?"

"Kwa jua, bibi."

"Basi umekula Idi kumi na nane, lakini umenyeshewa na masika kumi na saba. Ya kumi na nane hayajaja. Kwa hesabu yao wewe una kumi na saba na nusu na kitu."

Aliinuka kama aliyechomwa na mwiba. "Basi tuandike kumi na saba! Leo hii tuandike, tupeleke, tumalize!"

"Maalim ameshaandika kumi na nane. Ukiandika kumi na saba wataona mmoja wenu mwongo, na wewe ndiye huna ndevu."

Siku ile ile, baada ya alasiri, nikajitanda buibui, nikenda kwa Maalim Sheikhan. Nilimkuta amekaa barazani kwake, amezungukwa na vitabu. Tulisalimiana kwa kirefu, tukaulizana hali za watu wote, na wa mbali, na waliokufa tukawarehemu. Kisha nikamweleza. Alinisikiliza macho ameyafumba, na mimi nikadhani ananielewa.

"Mwanatumu," akasema, "wataka niandike kuwa mwezi umekosea?"

"Sitaki hivyo, Maalim. Nataka uandike kuwa wale hawahesabu mwezi."

"Basi waanze."

"Maalim, hawawezi kuanza leo. Barua zinaondoka na meli Jumamosi."

"Mwaka aliouweka Mwenyezi Mungu una miezi kumi na miwili, na mwezi ni ule unaouona angani. Kwa mwaka huo twafunga, kwa mwaka huo twahiji, kwa mwaka huo mjane hukaa eda. Leo nikisema Idarus ana kumi na saba, kesho nitasema nini kwa yule niliyemwambia amebaleghe? Nimwambie asubiri, Mzungu hajakubali?"

"Sikwambii useme..."

"Mimi sikukosea."

"Hukukosea, Maalim."

"Basi wao ndio waliokosea. Nenda ukawaambie wao."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimebana meno. Kinachochosha si kubishana na mtu mwenye makosa. Kinachochosha ni kubishana na mtu aliye na haki, nawe una haki, na haki mbili zimeziba mlango mmoja, hakuna anayepita.

Asubuhi ya Jumanne nikapita kwa nyuma, mlango wa uani, kwa mke wa Maalim. Nabiha ni somo yangu, mwenzangu tangu utoto. Tulichezwa unyago pamoja. Alikuwa anashona kofia, na habari yote alikuwa nayo, maana baraza na uani vimetengwa kwa ukuta mmoja.

"Mume wangu ni kama punda wa maji," akasema, "ukimsukuma hurudi nyuma. Waniona mimi? Kwa hesabu yake nina miaka sitini. Kwa hesabu ya mvua nina hamsini na minane. Mimi hutumia yangu, yeye hutumia yake, na nyumba inakwenda."

"Wewe huombi skuli, Nabiha."

"Wala sitapokewa, macho haya!" Akacheka, akakata uzi kwa meno. "Sikiza. Usimwombe abadilishe. Mwombe apunguze. Umri asiuandike kabisa. Aandike siku mtoto aliyozaliwa, basi. Siku ni moja kwa Mungu na kwa Mzungu. Hesabu waifanye wenyewe."

Ikawa hivyo. Nabiha alimpelekea Maalim kahawa, na neno lile ndani ya kahawa, na baada ya adhuhuri nikapewa barua mpya: Idarus amezaliwa tarehe kumi na tatu Mfunguo Tatu, ndio mwezi wa Idi ya kuchinja, mwaka elfu moja mia tatu na kumi na moja. Wala hapana umri. Maalim mwenyewe alinikabidhi, akasema, "Hii ni kweli isiyo na tafsiri," kama kwamba wazo lilikuwa lake. Nikamwombea dua, nikaondoka kabla hajabadili nia.

Jumatano tukaenda afisi ya serikali iliyopokea maombi, mimi na Idarus. Karani aliyekaa mbele alikuwa kijana wa misheni iliyo ng'ambo ya kivuko, Crispus Kadenge, kola nyeupe mpaka kidevuni. Alisimama aliponiona, akanipa kiti chake. Heshima ile sikuitarajia.

"Bibi, karibu. Idarus, umerudi? Nilidhani umeshaoa na kupata wajukuu, kwa uzee ule."

"Usinichokoze, Crispus," Idarus akasema.

Crispus akaisoma barua, akakuna shingo. "Bibi, hii siku mimi naiamini. Lakini bwana, yule Mzungu wa ndani, hasomi miaka ya hijira. Atasema huu ni mwaka gani, mbona uko nyuma miaka mia sita."

"Si aulize? Mji mzima wajua."

"Bwana haulizi mji," akasema kwa sauti ndogo.

Akaingia nayo ndani. Tukasikia sauti ya Kiingereza, fupi fupi, kama mtu anayegonga misumari. Crispus akatoka.

"Yuasema hana kitabu cha kugeuza miaka. Kiko Nairobi. Yuasema aletwe mtu aliyemwona kijana akizaliwa, aape, ataje miaka kwa njia itakayofahamika. Kesho saa nne."

"Mimi ndiye niliyemwona. Nipo hapa. Niape sasa."

"Kesho, bibi."

"Amefanya kazi gani leo, huyo bwana?"

Crispus akaangalia karatasi zake. "Kesho, bibi, tafadhali."

Njia nzima Idarus alikuwa mbele yangu hatua kumi, akipiga mawe kwa ncha ya kiatu. Nilimwacha. Vijana hudhani subira ni kutosikia uchungu. Mimi uchungu niliusikia mpaka kwenye fizi, ila nilikuwa na umri wa kujua kuwa mawe hayana kosa.

Alhamisi saa nne tulikuwa hapo. Tukaingizwa saa sita kasorobo. Bwana alikuwa mtu mwembamba, shingo nyekundu kwa jua, na kwenye meza yake ilikuwapo saa aliyoigeuza uso kwake. Aliniapisha kwa kinywa cha Crispus. Kisha akauliza, nami nikasema kuwa sisi tunaohesabu mvua hatuhesabu kwa karatasi, kwa hiyo nitamtajia masika moja moja tangu kijana kuzaliwa, na kila masika nitamtajia kitu kilichotokea, apate kujua sisemi ovyo.

Bwana akaitazama saa. Akatikisa kichwa: haya.

Nikaanza kwa vidole. "Masika ya kwanza alikuwa anatambaa, na baada yake bendera mpya ikapandishwa. Ya pili, Wahindi wa reli wameshuka Kilindini, mji umejaa nyumbu. Ya tatu, aliungua mkono kwa uji, kovu lipo. Ya nne, alianza chuo kwa Maalim Sheikhan, akarudi siku ya kwanza analia kuwa Alifu imemtazama vibaya."

Crispus alifasiri, na nadhani hata bwana alitabasamu kidogo. Nikapata nguvu.

"Ya tano, ukuta wa jiko letu ukaanguka. Ya sita, aling'oka jino la mbele. Ya saba, alipotea Makadara siku nzima tukamkuta kwa mshona viatu." Nikaendelea hivyo hivyo, sitayataja yote hapa. Surua. Kuhitimu juzuu ya Amma. Kisima kilichofurika. Mwaka wa watumwa kupewa hati zao. Mwaka wa nyota yenye mkia, Maalim alipotutoa sote nje tukaswali. Na masika haya yaliyopita, aliponipita kimo nikawa nainua uso kumkemea.

Nilipofika mwisho nikavitazama vidole vyangu. Crispus alikuwa akiandika vijiti kwenye karatasi. Akavihesabu. Akavihesabu tena. Akaniangalia.

"Bibi," akasema taratibu, "ni kumi na sita."

"Si kumi na sita."

"Ni kumi na sita, bibi."

Bwana akauliza kitu. Crispus akamjibu kwa shida. Bwana akaegemea kiti chake, akasema maneno, na safari hii akacheka.

"Amesema nini?" nikauliza.

Crispus hakutaka. Idarus ndiye aliyenifasiria, kutoka mlangoni, kwa sauti kavu: "Amesema juzi nilikuwa na kumi na minane, leo nina kumi na sita. Tukija wiki ijayo nitakuwa nanyonya."

Aliyepungukiwa na kumi na saba naye hapokewi. Tulikuwa tumetoka upande mmoja wa shimo tukaangukia upande wa pili. Bwana akaisukuma karatasi pembeni. Akasema kupitia Crispus kuwa mkoba wa barua unafungwa Jumamosi saa sita mchana, na kwamba hana nafasi ya hadithi nyingine.

Nje kwenye jua kali Idarus akanigeukia. "Umeniangusha, bibi."

Hajawahi kuniambia neno kama lile. Tangu yu mtoto mdogo, na amewahi kunitukana kwa homa, hakuniambia lile.

"Nina hakika ni kumi na saba," nikasema.

"Kwa hakika yako? Maalim ana hakika yake, wewe una hakika yako, na bwana ana mkoba wake! Ningeandika kumi na saba siku ile ningekuwa ninafunga sanduku sasa! Nyinyi mmenifanya kitendawili!"

Akaondoka kwa upande wa Ngome, akaniacha nirudi peke yangu. Watu walinisalimu, sijui niliwajibu nini.

Siku ya Ijumaa, wanaume walipokuwa msikitini, nikakaa uani na pishi ya choroko. Nikaweka punje moja kwa kila masika, na kila punje nikaitaja kwa sauti. Kumi na sita. Nikazikusanya nikaanza tena. Kumi na sita. Nikajaribu kuanzia nyuma, kutoka masika ya kimo chake, nikishuka. Nyota, hati, kisima, juzuu, surua, mshona viatu, jino, ukuta, chuo.

Hapo nikasimama. Alipoanza chuo alikuwa na miaka minne. Ukuta wa jiko ulipoanguka, yeye ndiye aliyekimbilia kwa fundi kumwita, akaeleza vizuri, na fundi akamsifu: mtoto wa miaka sita na maneno yake yamenyooka. Minne, kisha sita. Mtoto hapandi miaka miwili kwa mvua moja.

Katikati pana mwaka. Na mara nilipouona nilijua kwa nini sikuuhesabu. Masika yale hayakunyesha.

Ulikuwa mwaka wa njaa. Mawingu yalikuja yakasimama juu ya kisiwa siku tatu, yakaondoka. Watu wa bara walivuka kwa makundi, mama wamebeba watoto waliobaki vichwa na mifupa, na nyuma yao ikaja ndui. Ndui ile iliingia nyumba yetu. Ilimchukua Afaf, binti yangu, mamake Idarus, kwa siku tisa. Yeye mtoto nilimficha kwa Nabiha. Aliporudi aliniuliza mamake yuko wapi, nikamwambia amekwenda kuchota maji, na akaenda kukaa karibu na mtungi.

Punje ya kumi na saba niliiweka. Sikuitaja kwa sauti.

Jumamosi sikumwambia Idarus niendako, lakini alinifuata. Tulifika saa tatu. Bwana alikuwa Kilindini. Saa nne, bado Kilindini. Saa tano Crispus akatuletea maji, akasema, "Mkoba uko tayari, bibi, nimeuacha mdomo wake wazi." Saa tano na nusu bwana akaja kwa haraka, akaniona, akasema neno ambalo halikuhitaji mfasiri.

"Mwambie yapo masika mengine," nikasema. "Niliyasahau kwa sababu hayakunyesha."

Crispus akamwambia. Bwana akauliza, kalamu ikiwa hewani: kama hakukuwa na mvua, basi hayo yalikuwa masika gani?

Nilitaka kulia kwa hasira. Wiki nzima mwezi, jua, vidole, na sasa niulizwe kama mwaka usio na mvua ni mwaka! "Mwambie mvua ndiyo haikupita, mwaka ulipita. Mwambie mtoto aliula mwaka ule kama wengine walivyoula, tena aliula na njaa. Mwambie ulikuwa mwaka wa ndui, na mamake..."

Sikuwa nimepanga kusema hayo mbele ya kijana. Nilimsikia Idarus nyuma yangu anaacha kuvuta pumzi. Miaka yote ile tulikuwa tumekubaliana, bila kuambiana, kutoutaja mwaka ule. Yeye alikuwa na kumbukumbu yake ya mtungi, mimi na yangu.

"Maliza, bibi," akasema. Akaja akasimama bavuni mwangu.

"...na mamake alikufa. Hayo ndiyo masika ya tano. Hesabuni."

Crispus hakufasiri mara moja. Alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Sisi tulivuka mwaka ule," akaniambia kwa Kiswahili, kana kwamba bwana hayupo. "Mimi nilikuwa na miaka kumi. Tulikuwa watano, tukafika wawili." Kisha akamgeukia bwana akasema Kiingereza kirefu sana, kirefu kuliko maneno yangu, na mkono wake mara moja ukagonga meza. Bwana alimtazama kama anayemwona leo.

Bwana akaitazama saa. Akaivuta karatasi, akachovya kalamu, akaandika tarakimu mbili, akapiga muhuri. Akamwambia Crispus aitie mkobani. Kazi yote ile haikuchukua muda wa kumeza tonge.

Kisha, huku akifuta kalamu yake, akauliza kitu, si kwa ukali. Kwa mshangao tu.

"Nini?" nikauliza.

Crispus akanigeukia. "Bwana auliza, ikiwa ana kumi na saba, mbona hamkuandika kumi na saba tangu siku ya kwanza? Yuasema angeandika tu, asingeuliza mtu."

Nilisimama pale. Nilimfikiria Maalim na mwezi wake, Nabiha na kahawa yake, vidole vyangu, punje za choroko, na mwanangu niliyemtoa kaburini miaka kumi na mitatu baadaye nikamlaza juu ya meza ya mtu huyu, kwa ajili ya tarakimu mbili ambazo angezipokea kwa uongo bila kuinua kichwa. Maneno yalinijaa. Yalikuwa maneno mazuri pia. Hata sasa nayajua yote kwa mpango wake. Nikayasema, kwa Kiswahili chetu cha uani, mwanzo hadi mwisho, taratibu, uso kwa uso.

Crispus alifumba macho kidogo. "Nifasiri, bibi?"

Nikautazama ule mkoba. Mdomo wake ulikuwa bado wazi.

"Mwambie ahsante," nikasema.

Akamwambia. Lilikuwa neno moja, na bwana akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyetarajia hilo, akachukua kofia yake. Crispus akaufunga mkoba kwa kamba, akaupiga lakiri, mbele yetu, ili tuone.

Njiani kurudi Idarus alitaka kunishika mkono, nikauvuta. Akauliza kama nimekasirika naye. Nikamwambia sijakasirika naye. Akauliza basi nimekasirika na nani, atapokewa, si ndiyo tuliyoyataka? Nikamwambia ndiyo tuliyoyataka, atembee. Tulipita barazani kwa Maalim Sheikhan, naye akainua kichwa vitabuni, akauliza jambo limekwendaje.

"Wamekubali, Maalim," Idarus akasema. "Kumi na saba."

"Kumi na minane," akasema Maalim, "na miezi miwili," akarudi kusoma.

Nilikaza mwendo. Nyumbani nilikuwa sijapika kitu, na ilikuwa karibu adhuhuri.